Mlifungua Kibanda cha Wakala, Sasa Fungueni Simu

Kwa: Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi, na Tume ya Ushindani ya Tanzania.

Waheshimiwa Makamishna na Wakurugenzi,

Barua hii inaanzia kibandani.

Kabla ya Julai 2014, wakala wa M-Pesa nchini Kenya alikuwa amefungwa na mkataba. Ukuta wake ulikuwa wa kijani, na mteja wa Airtel Money aliyesimama dirishani alielekezwa kwingine hata kama noti zilikuwa zimejaa kwenye droo. Airtel ililalamika. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikasikiliza, na mwezi huo Safaricom ikakubali kuondoa kifungu kilichowazuia mawakala wake kuhudumia mitandao mingine. Aprili 2018 mteja wa Safaricom na yule wa Airtel wakaanza kutumiana pesa moja kwa moja, simu kwa simu. Tanzania ilikuwa imetangulia: Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga 2016. Leo wakala wa Manzese, Dar es Salaam, huweka simu tatu au nne juu ya meza moja, kila simu na laini yake, na mwavuli mmoja unazifunika zote.

Safaricom haikufa kwa hilo. Bado inaongoza soko la Kenya kwa mbali. Ila mteja wa mtandao mdogo alipata mahali pa kutolea pesa, na mwenye kibanda akapata kamisheni ya pili.

Kazi kama ile inasubiri kwenye mlango mwingine, na hakuna kati yenu aliyebisha hodi. Mlango huo ni duka la programu. Simu janja nyingi za Afrika Mashariki zinatumia Android ya Google, na zilizobaki karibu zote ni iPhone za Apple. Kampuni hizi mbili zinamiliki mfumo unaoiendesha simu, duka lililomo ndani yake, na droo ya malipo ya duka hilo. Kijana wa Kampala au Mwanza aliyetengeneza programu nzuri hana mtu wa tatu wa kumwendea. Mwandishi wa barua hii haombi kampuni hizo zifukuzwe wala zibebeshwe kodi mpya. Anaomba zisimamiwe kama mlivyowasimamia wenye mitandao ya simu, na sababu zake ni hizi.

1. Haki iliyopatikana kwingine inaishia mpakani.

Kwa miaka mingi wasimamizi wa nchi ndogo wamejituliza kwa hoja moja: acha Ulaya na Marekani wapambane na majitu haya, nasi tutafaidika wakishinda. Hoja hiyo imekwisha. Umoja wa Ulaya ulipitisha Sheria ya Masoko ya Kidijitali mwaka 2022. Septemba 2023 ukazitaja kampuni sita kuwa walinda lango: Alphabet, ambayo ni mama wa Google, pamoja na Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Masharti yakaanza kubana tarehe 7 Machi 2024, na mwezi huo huo Apple ikaruhusu maduka mengine ya programu ndani ya iPhone. Iliruhusu Ulaya tu. Japani ilipitisha sheria yake Juni 2024, ikaanza kutumika kikamilifu Desemba 2025, na huko nako mlango ukafunguka, kwa Wajapani.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kile kifaa kidogo kinachomwezesha mtu kulipa kwa kugusisha simu kwenye mashine ya dukani. Julai 2024 Apple iliiahidi Tume ya Ulaya kwamba itawaachia watoa huduma wengine wa malipo wakitumie bila ada kwa miaka 10. Ahadi hiyo ilitolewa kwa Ulaya.

iPhone iliyouzwa Paris na iliyouzwa Nairobi ni ndugu wa tumbo moja. Kinachozitenganisha ni mistari michache ya msimbo inayoiambia simu iko nchi gani. Kwa maneno mengine, kitasa kimo tayari ndani ya simu ya Mkenya, Mtanzania na Mganda. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema kigeuzwe.

2. Makato yanayoua biashara ndogo kabla haijasimama.

Apple ilipofungua duka lake Julai 2008 iliweka makato ya asilimia 30, na Google ikafuata kiwango hicho hicho. Baada ya kelele za miaka mingi, mwaka 2021 wote wawili waliwapunguzia wadogo hadi asilimia 15: Apple kwa wale ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka, na Google kwa dola milioni 1 za kwanza za kila mwaka. Asilimia 15 inasikika kama huruma mpaka mtu apige hesabu.

Chukua mwalimu wa Nairobi anayeuza masomo ya hisabati kwa shilingi 500 za Kenya kwa mwezi kupitia programu yake. Malipo yakipita kwenye droo ya duka, shilingi 75 zinaondoka kabla hajalipia umeme, seva wala bando. Akikua na kuvuka kizingiti cha Apple, zinaweza kufika 150. Mteja huyo huyo angemlipa kwa Lipa na M-Pesa, makato ya muuzaji yasingefika shilingi 5. Njia ya kulipa ya bei nafuu iko mtaani kwetu, imezoeleka kuliko kadi ya benki, watoto wanaijua, na bado muuzaji wa bidhaa za kidijitali hana uhuru wa kuiweka mbele ya mteja wake kwa masharti yake mwenyewe.

Neno "kidijitali" hapo ndilo la kutazamwa. Anayeuza unga, viatu au safari ya bodaboda kupitia programu hadaiwi makato haya, kwa kuwa maduka yote mawili yameviacha nje vitu na huduma za kushikika. Anayetozwa ni mwenye somo, mwenye wimbo, mwenye kitabu cha kusikiliza, mwenye mchezo wa watoto wa kujifunza Kiswahili. Yaani ushuru mzito umewekwa juu ya kazi zile zile ambazo serikali zetu husema kila mwaka kuwa ndizo ajira za vijana wasio na shamba wala mtaji wa duka.

3. Muuzaji anafungwa mdomo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwalimu yule asimwambie mteja kwamba kwenye tovuti yake bei ni nafuu? Kwa sababu masharti ya maduka yalimkataza kusema hivyo ndani ya programu yake mwenyewe. Ni kama mwenye soko kumwambia mchuuzi kwamba hana ruhusa ya kumtajia mteja kuwa ana genge jingine mtaa wa pili.

Kesi iliyoliweka hili hadharani ilianza tarehe 13 Agosti 2020. Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, waliweka ndani ya mchezo njia yao ya kulipa, kwa bei ya chini. Siku hiyo hiyo Apple na Google wakauondoa mchezo madukani. Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliikatalia Epic madai tisa kati ya kumi, lakini akaiamuru Apple iache kuwazuia wauzaji kuwaelekeza wateja njia nyingine za kulipa. Tazameni kilichofuata, maana kina funzo kwa yeyote anayeandika kanuni. Rufaa zilipokwisha Januari 2024, Apple iliruhusu viungo vya kwenda nje, kisha ikadai hadi asilimia 27 ya mauzo yaliyofanyika huko nje. Mlango ulifunguliwa, ushuru ukahamishiwa barabarani. Aprili 2025 jaji yule yule akaamua kwamba kampuni ilikiuka amri yake kwa makusudi, na akapeleka suala hilo kwa waendesha mashtaka wa serikali.

Kwa upande wa Google, baraza la mahakama huko San Francisco lilikubaliana kwa kauli moja, Desemba 2023, kwamba duka lake la programu ni ukiritimba unaoendeshwa kinyume cha sheria. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Julai 2025.

4. Hoja ya usalama ni nzito, lakini walinda lango hawakutulinda.

Kila mara kampuni hizi zinapoulizwa kwa nini lango ni moja, jibu ni usalama wa mtumiaji. Hoja hiyo isibezwe. Wapo watu walioibiwa akiba ya maisha kwa programu ya bandia. Ila Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na ushahidi huo unauma.

Nchini Kenya, kwa miaka kadhaa, programu za mikopo zilipakuliwa kutoka duka rasmi la Google. Zilipitia langoni, zikapigwa muhuri, zikawekewa nyota na maoni ya wateja. Kisha zikachota majina na namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Alipochelewa kulipa, simu zikaanza kulia kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa chama, zikimtangaza kuwa mdaiwa sugu. Watu waliaibishwa mbele ya watoto wao. Lango lile lenye kudai asilimia 15 na 30 kwa jina la usalama halikuwazuia wakopeshaji hao.

Aliyewazuia ni mtunga sheria wa nyumbani. Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwishoni mwa 2021, kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatoka Machi 2022, na ndipo Google, kuanzia Januari 2023, ikawadai wakopeshaji wa Kenya leseni ya Benki Kuu au uthibitisho kuwa wameiomba. Nchini Tanzania, ambako watu huiita mikopo ya namna hii kausha damu, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Katika mambo haya neno la msimamizi wa ndani lilikuwa na nguvu kuliko muhuri wa California. Wala kampuni haikufungasha virago ilipoambiwa la kufanya. Ilibadilisha sharti lake, ikaendelea kufanya biashara.

5. Mwaka 2027 uko karibu.

Hili ndilo lenye haraka kuliko mengine. Android, pamoja na kasoro zake, ilikuwa na uwazi ambao iPhone hazikuwa nao: mtu aliweza kuweka programu bila kupitia dukani. Huku kwetu jambo hilo lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa bando ni ghali. Watu huhamishiana programu kwa Bluetooth, kwa Xender, kwa memori kadi. Mwanafunzi wa chuo hutengeneza kitu kidogo, hukitupia kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake, kesho yake watu arobaini wanakitumia.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitakataa programu ambayo msanidi wake hajasajiliwa na kuthibitishwa nayo, hata kama programu hiyo haikuguswa na duka lake. Utaratibu umepangwa kuanza Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kusambaa duniani kuanzia 2027. Akaunti ya kawaida ya msanidi inagharimu dola 25. Sababu iliyotolewa ni kwamba kampuni imekuta programu hasidi zaidi ya mara 50 katika zile zinazotoka nje, ikilinganishwa na za dukani. Baada ya malalamiko, ilisema wanafunzi watapewa akaunti nyepesi na watumiaji wajuzi wataachiwa njia ya kukubali hatari wenyewe.

Huenda njia hizo zitakuwa pana. Huenda zikawa na maonyo saba na vitufe vilivyofichwa. Kampuni isiyoangaliwa na msimamizi yeyote itajiamulia yenyewe, na nchi nne zilizotangulia zitakuwa zimejaribiwa kabla ya zamu yetu. Kinachomsumbua mwandishi wa barua hii ni kuona kampuni moja ya kigeni ikipewa kazi ya kumtambua na kumruhusu kila msanidi wa Afrika Mashariki, ilhali tuna BRELA, msajili wa biashara wa Tanzania, tuna Huduma ya Usajili wa Biashara ya Kenya, na vitambulisho vya taifa ambavyo wananchi walipanga foleni jua kali kuvipata.

6. Na wa nyumbani je?

Malalamiko haya yasitumike kuwafichia wakubwa wetu. Safaricom ilizindua programu kubwa ya M-Pesa mwaka 2021, yenye programu ndogondogo za kampuni nyingine ndani yake. Nayo ni lango. Kanuni itakayomhusu Google imhusu na yeye atakayekuwa lango la Nairobi, Kinshasa au Dar es Salaam, bila kupendelea jina la nyumbani.

Waheshimiwa, hayo ndiyo malalamiko. Maombi ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wenu.

La kwanza ni uchunguzi wa pamoja wa soko. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilianzisha uchunguzi wa majukwaa ya mtandaoni Mei 2021, maduka ya programu yakiwamo, na ikatoa ripoti ya mwisho Julai 2023. Arusha inaweza kufanya hivyo kwa niaba ya nchi zote nane za Jumuiya. Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ipo tangu 2006, na Novemba 2025 mamlaka hiyo ilianza kupokea taarifa za muungano wa kampuni unaovuka mipaka, kwa hiyo hakuna tena wa kusema kuwa ni ofisi ya makaratasi. Nchi moja moja ni wateja wadogo mbele ya kampuni hizi. Jumuiya ya watu zaidi ya milioni 300 si mteja mdogo. Uchunguzi upewe miezi 12 na ripoti itolewe hadharani, kwa Kiswahili pia.

La pili ni kanuni inayomruhusu muuzaji kumtajia mteja bei na njia nyingine ya kulipa, na kumpokea kwa njia hiyo. Hapa andikeni kwa uangalifu mkubwa. Korea Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza wauzaji kulazimishwa kutumia droo ya duka, Agosti 2021. Google na Apple zilitii kwa kupunguza pointi nne tu: kutoka asilimia 30 hadi 26 kwa anayetumia njia yake ya malipo. Ukijumlisha gharama za kukusanya malipo mwenyewe, ni wachache walioona faida ya kuhama. Sheria ilishinda bungeni, ikashindwa sokoni. Kwa hiyo kanuni yenu itaje waziwazi kwamba ada juu ya malipo ya nje lazima ilingane na huduma iliyotolewa kweli, na kwamba mzigo wa kuthibitisha hilo uko kwa mwenye duka.

La tatu: kabla ya 2027, iiteni Google mezani. Iulizwe, kwa maandishi, njia ya watumiaji wajuzi itakuwaje kwenye simu za bei ya chini zinazouzwa hapa, na kama msanidi aliyesajiliwa na mamlaka ya nchi yake anaweza kukubaliwa kwa usajili huo bila kulipa tena. Mkisubiri mpaka utaratibu ufike, mtakuwa mnajadili jambo lililokwisha kuwekwa ndani ya simu za watu.

La nne ni dogo kwa kulitaja na kubwa kwa anayelihitaji. Programu ikiondolewa dukani, mwenyewe aelezwe kosa lake kwa lugha inayoeleweka, na awepo binadamu wa kumjibu rufaa ndani ya siku zinazojulikana. Biashara iliyoajiri watu sita haiwezi kukaa gizani wiki tatu ikipokea barua pepe za mashine.

Watakuja watu kuwaambia kwamba mkithubutu, huduma zitaondoka. Julai 2024 wasimamizi wa ushindani wa Nigeria waliitoza Meta faini ya dola milioni 220, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha. WhatsApp haikuzimwa Lagos. Tume ya Ulaya iliitoza Apple euro milioni 500 mwezi huo huo, na iPhone bado zinauzwa Brussels. Hata Safaricom, mwaka 2014, ilikuwa na hoja nzuri za kueleza kwa nini kibanda kibaki cha rangi moja: ilikuwa imewatafuta mawakala hao, ikawafundisha na kuwajengea jina. Mlizisikiliza hoja hizo, mkaamua.

Kwa hiyo barua hii inaomba jambo moja la kuanzia kabla ya robo hii ya mwaka kwisha: tarehe ya kikao cha wazi, Arusha au kwingineko, ambapo wasanidi wa programu, walimu wanaouza masomo, wanamuziki, watoa huduma za malipo, na wawakilishi wa Google, Apple na Safaricom wataitwa waeleze kwa takwimu. Wasanidi waje na taarifa zao za mapato, mstari kwa mstari, zinazoonyesha kilicholipwa na mteja na kilichowafikia. Wenye maduka waje na gharama zao. Tangazeni tarehe hiyo, na ukumbi.